Rozari ya Zamani

Mama Virginie hakuwa mtu wa kunong'ona. Mungu alimpa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, na sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi ya phonie, redio ya kuitana na miji ya mbali, pale Butembo, kwenye chumba cha mabati karibu na soko. Siku za mvua, wengine wakilia "allô, allô" mpaka koo zikauke, yeye akishika ile redio watu wa kule wanasikia. Ukitaka kusema na ndugu yako wa Beni au wa Oicha, unakuja, unakaa kwenye benchi, Virginie anaita, "Oicha, Oicha, Butembo anaita, à vous!" Ndugu akipatikana, unafinya maikro unasema, unamaliza na "à vous", yaani zamu yako, unaachilia unasikiliza. Ulikuwa mwaka wa 2002, vita vimetuzunguka kila upande, na simu za mfukoni tulikuwa tunazisikia kwa wasafiri tu.

Phonie ilikuwa na ubaya wake, na kila mtu aliujua: ukisema, anasikia ndugu yako, wanasikia majirani kwenye benchi, na anasikia yeyote mwenye mashine kama ile. Usidhani wenye bunduki wa kule porini walikuwa wajinga. Nao walikuwa na mashine zao. Wanakaa chini ya miti, wanasikiliza nani anatoka lini na anapita barabara gani, kisha wanaenda kumngoja.

Zamani watu walijifunika kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani. Wale wa porini walitoka mbali, Kinande hawakijui, na mtu alikuwa anasema safari yake bila hofu. Halafu akaja Chef Roger, mkubwa wa usalama, ametumwa kutoka mkoa mwingine, naye hataki lugha asiyoielewa. Akaweka kanuni: Kiswahili, Kifaransa au Lingala tu, maneno ya kufunika hapana, mlango wa phonie uwe wazi. Na ili kanuni isilale, akamweka Grady, kijana wake wa Mbandaka, kwenye kona ya benchi, kazi yake kusikiliza. Grady alikuwa anakula karanga kutwa nzima na kutupa maganda chini. Nani anafagia? Virginie, bila shaka.

Kanuni ile ndiyo iliyomwua Phinées. Mimi nasema hivyo na sirudi nyuma. Phinées alikuwa muuza samaki wa Kyavinyonge, alipeleka samaki wa chumvi Oicha, akamwita mke wake Léa hapa Butembo kwenye phonie na kusema wazi kama alivyoamriwa: "Natoka kesho asubuhi, napitia Mbau." Walimngoja karibu na Mbau. Virginie ndiye aliyemshikia Léa maikro siku ile, na tangu hapo kila mtu akitaja safari mbele yake, alikuwa anachungulia kwanza mlango.

Wanawake wakaenda ofisini kwa Roger, Anne-Marie mbele, yule kiongozi wa rozari wa mtaa. Waliomba kitu kidogo: warudishiwe Kinande, na mlango ufungwe mtu anapoongea na wa kwake.

"Mutu mwenye hana kitu ya kuficha," Roger alisema, "anaogopa nini?"

"Chef," Virginie akajibu kabla hajajizuia, "hata choo ya kwako iko na mulango. Ndani unafichaka nini?"

Wanawake walicheka, Mungu wangu, walicheka mpaka wakaegemeana. Roger hakucheka. Walitolewa nje kama kuku waliovamia unga, na Grady akaambiwa afungue masikio zaidi.

Basi Anne-Marie akatafuta njia. Mkatoliki yeyote wa kwetu anajua: Jumatatu na Alhamisi tunasali matendo ya furaha, Jumanne na Ijumaa matendo ya uchungu, siku zilizobaki matendo ya utukufu. Mtu akisema kwenye phonie, "Tutasali matendo ya uchungu Mbau," ndugu yake anahesabu: Jumanne au Ijumaa, ile iliyo karibu. Nani atamkataza mtu kusema habari za sala? Neno likapita jikoni kwa jikoni, kutoka Butembo mpaka Beni na Oicha, na kwa miezi mingi watu walisafiri hivyo wakafika.

Ila Virginie mwenyewe aliibiwa kitu, na hakumwambia mtu. Alikuwa mtu wa sala tangu utoto. Sasa akipiga magoti, akitamka "matendo ya furaha", kichwa kinamwambia: Alhamisi, nani anapita leo? Maria anakuwa mbali, barabara inakuwa karibu.

Kabla ya Noeli mambo yaliharibika upande wa Mambasa. Watu walimiminika Oicha na vifurushi kichwani, wakisimulia mambo ambayo sitayarudia hapa. Jemima, binti wa Virginie, alikuwa anasoma Oicha na kukaa kwa nyanya yake. Muyisa, mume wa Virginie, akapanda baiskeli kwenda kumchukua. Siku zikapita bila neno, mpaka Jumanne moja sauti yake ikatoka kwenye phonie.

"Mama Jemima, unanisikia? À vous."

"Nakusikia, Baba Jemima! Mutoto iko namna gani? À vous."

"Iko na homa. Nitamubeba ku baiskeli. Sikia: tutasali matendo ya furaha ku Mbau. Ambia Élysée akuje tusali pamoja. À vous."

"Bien reçu. Nitamwambia."

Élysée ni mdogo wake Virginie, humwita yaya, yaani dada mkubwa, anakaa Beni, kata ya Beu, na alikuwa na kamioneti ya kubebea maharagwe. Mpango ulieleweka: Muyisa atasukuma baiskeli na mtoto mpaka Mbau, Élysée awapakie hapo hapo na kuwapeleka Beni. Maana Mbau wakati ule, jua likianza kushuka, hapakuwa mahali pa kusimama na mtoto mgonjwa unangoja mtu.

Virginie akahesabu harakaharaka. Na hapa uangalie vizuri. Jumapili mbili nyuma padri alikuwa ametangaza habari kutoka Roma: Baba Mtakatifu ameongeza matendo mapya, matendo ya mwanga, yatasaliwa Alhamisi, na yale ya furaha ya Alhamisi yanahamia Jumamosi. Virginie alijisifu moyoni kwamba ameshazoea. Leo Jumanne, furaha inayokuja ni Jumamosi. Akamwita Élysée, akamrudishia sentensi ile ile ya Muyisa, na Élysée, aliyesikia tangazo lile lile kanisani Beni, akajibu, "Sawa, yaya. Nitakuwa pale."

"Batu ya huku munasalaka sana," Grady alisema, akivunja karanga.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana wanawake walikusanyika uani kwa Anne-Marie kujaribu yale matendo mapya. Ilikuwa kichekesho. Anne-Marie, kiongozi wa miaka yote, alianza na ubatizo wa Yesu, akasahau kinachofuata, akasema, "Hee! Roma inatupatia kazi na uzee huu!" Wote wakacheka. Virginie naye akacheka, akawaza: Muyisa atacheka zaidi akija, yeye anayesahau hata yale ya zamani. Nitamfundisha pole pole.

Nitamfundisha.

Roho ikamruka. Kama atamfundisha, basi Muyisa hajui! Oicha padri wao alikuwa amekimbia kabla ya tangazo, Muyisa mwenyewe alikuwa njiani. Hakuna aliyemwambia kwamba furaha imehama. Kwa Muyisa furaha ilikuwa bado Alhamisi. Na Alhamisi ndiyo leo.

"Mama Virginie, unaenda wapi? Tuko katikati!"

Hakujibu. Alishika kitambaa chake kiunoni na kukimbia, mwanamke mzima, anateremka kilima na kupanda kingine, viatu mkononi, watu wanatoka milangoni kuuliza nani amekufa. Alikuwa anawaona: Muyisa amesimamisha baiskeli kando ya barabara, anaangalia upande wa Beni, Jemima amejikunyata na homa, na watu wa Mbau wanafunga vibanda vyao. "Ee Mama Maria, ni mimi nimewaweka pale," alikuwa anasema kwa sauti, "ni mimi."

Kwenye phonie Grady alikuwa kwenye kona yake na watu wawili kwenye benchi. Virginie akapita mbele ya wote, akaita Beni. Mhudumu wa Beni akasema Élysée yuko karibu, anaitwa. Akangoja.

Aseme nini? Akisema wazi, "Nenda Mbau leo, Muyisa yuko pale na mtoto," Élysée atasikia, na wale wa porini watasikia, nao wako karibu na Mbau kuliko Élysée. Akisema Kinande, Grady atang'oa waya wa betri kabla sentensi haijaisha, na Élysée hatajua lolote. Akinyamaza, usiku unawakuta wapo pale.

"Yaya? Niko hapa. À vous."

Virginie alifinya maikro.

"Élysée. Unisikie muzuri. Shemeji yako, yeye anasali bado rozari ya zamani. Umesikia? Hapana hii mupya. Ya zamani. À vous."

Redio ilikoroma tu. Grady aliacha kutafuna. Akasimama, akaja, akaweka mkono juu ya waya wa betri.

"Rozari ya zamani ni kitu gani?"

Virginie alimtazama machoni. Ndipo sauti ya Élysée ikaja, imebadilika kabisa. "Bien reçu, yaya. Naenda kusali sasa hivi. Terminé."

Grady alibaki na mkono pale pale. Halafu akauondoa, akarudi kwenye karanga zake.

Kilichofuata ni kungoja, na sitaki hata adui yangu angoje vile. Virginie aliwaitia wateja ndugu zao, akakosea majina, akamwita mtu wa Lubero badala ya wa Beni. Alikataa chai. Léa, mjane wa Phinées, alisikia habari akaja akakaa karibu naye, na kumwona Léa pale kulimtisha kuliko yote. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Ulikuwa wakati wa kufunga phonie, na Virginie hakufunga.

"Butembo, Butembo, Beni anaita."

Alifinya, akajibu kwa kunong'ona.

"Mama Jemima?" Alikuwa Muyisa mwenyewe. "Tumesali. Tumemaliza, wote. Mutoto amelala. À vous."

Virginie alilia mbele ya Grady bila aibu, akalia kamasi na yote, Léa amemshika mabega. Kisha Léa akaenda zake, na Virginie akaanza kufagia maganda, kwa kuwa mikono ilitaka kazi.

"Mama," Grady akasema kutoka kwenye kona. "Matendo ya furaha, zamani, ni Jumatatu na Alhamisi. Leo ni Alhamisi."

Ufagio ulisimama.

"Mimi nilikuwa natumikiaka padri ku misa, kule Mbandaka," Grady akaendelea, hamwangalii. "Najua tangu mbele. Sikumwambia chef. Mais mutafute kitu ingine, mama. Kule ku pori pia kuko benye balibatizwa."

Akachukua kofia yake akaondoka. Virginie alisimama pale na ufagio, na furaha yote ya jioni ile ikamtoka. Miezi yote ile waliyojiona wamefunikwa! Kila Salamu Maria waliyoituma hewani, nani mwingine alikuwa anahesabu?

Kesho yake asubuhi alikuwa ofisini kwa Roger, Anne-Marie na Léa nyuma yake, na Grady amesimama mlangoni.

"Nyinyi tena," Roger alisema. "Leo munataka kuficha nini?"

"Siku yenye bwana yangu anapita ku barabara," Virginie akasema. "Ni ile tu. Tulikuwa tunaificha ndani ya rozari, chef."

Anne-Marie alimvuta kitenge mpaka nusura kichanike. Virginie hakugeuka.

"Sasa nikipiga magoti siko naona Maria, niko naona Mbau. Nimechoka. Utufungie mulango, uturudishie Kinande yetu, na sisi tumurudishie Mungu rozari yake."

Roger alimtazama Grady. "Ulijua hii?"

"Nayebi te, chef," Grady akajibu. Hajui, ati!

Roger aligeuzageuza kalamu. Mwishowe akasema mlango wafunge, Grady atakaa nje. Kinande, hapana. Na rozari kwenye phonie, tangu leo, hapana pia. Nusu ya haki, kama mtu kukupa kiatu kimoja na kukuambia utembee. Waliipokea, wakatoka, na njiani Anne-Marie alikuwa ameshaanza kusema watakavyorudi mwezi ujao.

Muyisa na Jemima walifika Butembo Jumapili. Jumatatu jioni homa imeshuka, wakapiga magoti wote watatu nyumbani. Matendo ya furaha, na Jumatatu haikuhama, zamani na sasa ni ile ile. Jemima akaongoza. Virginie alijibu vizuri mwanzoni, macho amefumba, halafu katikati ya Salamu Maria akajikuta amesimama tena kando ya barabara ya Mbau, anaangalia upande wa Beni.

Alifumbua macho. Muyisa na mtoto walikuwa wanamngoja.

"Tuanze tena," akasema.