Maneno Matano ya Nusukaputi

Daktari aliponiambia ngiri yangu lazima ipasuliwe, kisu sikukiogopa. Nilichoogopa ni nusukaputi. Mimi ni mlinzi, na ndiyo kwanza nilikuwa nimetolewa mlangoni, kwenye jua la West Bay hapa Doha, nikaingizwa chumba cha kamera chenye kiyoyozi. Kazi ya kutumia kichwa. Sasa watu wanataka kukizima kichwa hicho hicho kwa dawa!

Hospitalini muuguzi mmoja, Mkenya mwenzangu kutoka Mombasa, akaniomba niingie kwenye utafiti. Kulikuwa na dawa mbili za usingizi, zote za kawaida, na walitaka kujua ni ipi humzindua mgonjwa akili zikiwa timamu upesi zaidi. Kabla ya upasuaji angenisomea maneno matano. Nikizinduka, angeniuliza nimekumbuka yapi. Alisema ni hiari yangu na naweza kukataa. Nikakubali, kwa sababu aliniita "kaka yangu", na mimi nilikuwa sijaitwa hivyo na mwanamke muda mrefu.

Kosa ni kwenda kumsimulia mwenzangu wa chumba, kule tunakolala, Muaither. Huyu ni dereva, mtu wa Tanga, mkubwa kwangu, na naye alishapasuliwa ngiri na kuingia utafiti huo huo. Alipozinduka alikumbuka maneno matatu tu, mpaka akatajiwa mawili yaliyobaki. Hakuna aliyemwambia amefeli; alijifelisha mwenyewe. Tangu hapo, kila akipitiliza mahali pa kuchepukia kwenye barabara kuu, jambo ambalo madereva wote wa Doha hulifanya, alikuwa anagonga usukani na kusema ile dawa imemwachia nusu ya akili. Aliamini kampuni ikijua tu, itamkatia tiketi ya kurudi kwao.

"Wewe hutafeli," akaniambia. "Mtihani ninao."

Sisi tuliosoma Kenya tunajua utamu wa mtihani uliovuja. Kila jioni yeye akikaanga samaki, mimi nakariri: kijiko, tembo, shati, mvua, daraja. Nikikwama, samaki wangu anageuka kuwa mkia.

Siku ikafika. Muuguzi akanisomea maneno yake, na mimi wala sikumsikiliza. Unasikilizaje swali wakati jibu unalo?

Nilizinduka koo likiwa kavu, taa zikinichoma macho. Muuguzi akainama. "Kaka yangu, unajua uko wapi?"

"Kijiko, tembo, shati, mvua, daraja!"

Akatazama karatasi yake. Akaniuliza tena, polepole, ni maneno gani alinisomea. Nikayarudia yote kwa mpangilio, kwa sauti ya mtu anayesubiri zawadi. Halikuwemo hata moja lake. Wagonjwa wengine husahau. Mimi nilikuja na ya kwangu. Daktari wa usingizi akaitwa, akanimulika machoni, akaniambia nibane vidole vyake, akaagiza nilale wodini niangaliwe. Hapo hofu ikanishika kwelikweli. Nilikuwa na hakika maneno ni yale, na kama siyo yale, basi kichwa kimekwenda, na chumba cha kamera kimekwenda nacho.

Saa ya kuona wagonjwa dereva akaja, bado amevaa sare. Muuguzi akamweleza kwa huruma kwamba ndugu yake amechanganyikiwa, anataja tembo na daraja. Jamaa badala ya kusikitika akapiga makofi.

"Kayataja yote matano? Hayo yangu hayo!"

Muuguzi alicheka mpaka akaegemea kitanda. Kisha akakasirika. "Kila mgonjwa ana maneno yake! Mnadhani nawatafutia makosa? Ninayoipima ni dawa, si nyinyi. Ikikuachia ukungu kichwani nawe ukanificha, nitaandika ni salama, halafu kesho apewe mzee wa watu."

Niliona aibu, nikavuta shuka. Dereva hata hakunitazama.

"Sasa dada," akasema, "mimi nilisahau mawili. Miezi yote hii naendesha gari la watu na akili pungufu."

"Ulisahau ukiwa ndiyo kwanza unazinduka? Wengi husahau."

"Niulize sasa hivi. Nakuomba."

Akamsomea maneno mapya. Akampigisha soga kidogo kuhusu joto na foleni, kisha akamuuliza. Dereva akataja manne. La tano alilitafuta kwenye dari, jasho likimtoka na kiyoyozi kinavuma.

"Manne," akasema, kama mtu anayekiri wizi.

"Hata mimi nikichoka napata manne. Ukitaka, daktari atakuangalia vizuri. Lakini kwa ninavyokuona, kaka, uko sawa."

Dereva akatoka bila kuniaga. Kupitia mlango nilimsikia anampigia mkewe. Nilikuja kujua baadaye kwamba tangu apasuliwe alikuwa akimtumia meseji tu, kwa kuogopa kwamba mke akiisikia sauti yake atagundua aliyeko huku si yule aliyeondoka.

"Mama watoto," alisema, "ongea. Ongea chochote, leo sina haraka."