Santuri Safi, Mguu Kwenye Mnyororo

Leo nawasimulia nikicheka, lakini ukweli ni kwamba wiki tatu nzima nilikuwa napita njia ya nyuma kwenda gereji yangu ya mtaa wa Buyenzi, ili nisikutane na yeyote aliyekuwepo nyumbani kwetu siku ile, na walikuwa wengi, maana tuliwaalika wenyewe. Aibu hiyo niliitengeneza kwa mikono yangu, na chanzo chake ni wivu, sina haja ya kuupa jina la heshima.

Mimi na mke wangu, Mama Nadine, tuna santuri moja ya rumba tuliyocheza siku ya ndoa yetu. Tulikuwa tunatimiza miaka ishirini na tano, na yeye alitaka kitu kimoja tu: ile santuri ipigwe uani, sisi wawili tucheze mbele ya watu. Shida ni kwamba ilikuwa inalia kama mahindi yanayokaangwa, tatatata, mwanzo hadi mwisho. Si kwamba imekwaruzika, hapana, ni ule umeme mdogo unaokushtua ukivua sweta la nailoni. Kiangazi kikiingia hewa inakauka, santuri inaushika umeme huo, umeme unavuta vumbi, na sindano ikipita unasikia cheche tupu. Niliiosha, nikaikausha kwa sweta la sufu nikisugua kwa nguvu zangu zote (msinicheke), ikawa mara mbili ya hapo.

Sasa kuna huyu Firmin. Ni mwalimu mstaafu wa mtaa wa Gihosha, amefiwa na mke, anaimba kwaya moja na Mama Nadine, ananukia vizuri saa zote, na santuri zake hazina mlio. Kwaya hufanyia mazoezi kwake, na kila akirudi mke wangu ananiambia, "Kwa Firmin diski inaimba safi, utasema mutu mwenye kuimba ameketi mu nyumba." Sentensi hiyo mwanaume ataivumilia mara ngapi?

Firmin mwenyewe alinipa siri yake bila kuombwa: kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo tu, unazungusha polepole kufuata mistari, unaiacha ikauke yenyewe, basi. Akajitolea hata kuja kunifanyia. Nikamwambia asante, nitajitegemea. Huo ndio uamuzi mdogo uliozaa mengine yote, kwa sababu sikutaka siku ya ndoa yangu iokolewe na kitambaa cha Firmin.

Mimi ni fundi wa magari, nawaza kifundi. Malori ya mafuta mmeyaona yanaburuza mnyororo chini, na kazi yake ni kuushusha umeme wa aina hiyohiyo ardhini usije ukawasha moto. Nikajiuliza, kama mnyororo unalitosha lori zima la petroli, santuri ni kitu gani? Nikapigilia nondo ardhini chini ya meza ya muziki, nikachukua mnyororo wa kufungia pikipiki, ncha moja kwenye nondo, ncha nyingine kwenye kifundo cha mguu wangu, ukigusa ngozi, nikabana kufuli ili usiteleze, kitambaa cha meza kikaficha yote. Nikiishika santuri, umeme utapita mwilini mwangu ushuke chini. (Hata sasa nikieleza naona kama ina akili.)

Wageni wakajaa, Firmin naye ndani ya suti ya kijivu. Nikashusha sindano, na jamani, ikaimba safi, bila mlio hata mmoja. Nikamtafuta Firmin kwa macho, nikamwona anatikisa kichwa kwa kuridhika, nikafurahi sijui niseme vipi, na katika furaha ile yote sikumfikiria mke wangu hata kidogo.

Ndipo Mama Nadine akaja mbele ya meza na kitenge chake kipya, akaninyooshea mkono.

"Baba Nadine, kuja tucheze."

Ufunguo wa kufuli ulikuwa kwenye salopeti, ile ovaroli yangu ya kazi, na salopeti iko gereji (kufuli ile inajibana bila ufunguo, ndiyo maana sikuukumbuka).

"Ngoja kidogo, naangalia mashine."

"Mashine inatembea yenyewe. Kuja."

"Mguu unaniuma."

Akabaki na mkono hewani, watu wote wanatazama. Shangazi yake mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema, "Firmin, umusaidie basi, muziki usiishe bure." Firmin akaniangalia kama anayeomba ruhusa. Nilipaswa kusema neno, nikatabasamu kama mjinga, naye akamshika mke wangu mkono.

Nilivumilia ubeti mmoja. Firmin alicheza kwa heshima, kwa mbali, mtu mzima angeweza kupita katikati yao, lakini wivu haupimi nafasi. Mama Nadine alipocheka kwa jambo aliloambiwa, nikachomoka. Mguu mmoja ukaenda, mwingine ukabaki, nikaanguka kifudifudi nikivuta kitambaa, meza, mashine na sinia la sambusa, sindano ikaichana santuri kutoka ukingoni hadi katikati. Kisha mnyororo ukaonekana.

"Nani amekufunga?" shangazi akauliza kwa upole.

Jirani akaleta msumeno wa chuma, nikakatwa mnyororo nikiwa nimekaa chini mbele ya wageni, na aliyenishikia mguu usitikisike alikuwa Firmin, kwa sababu wengine wote walikuwa hawawezi kwa kucheka. Nikamweleza habari ya lori la mafuta. Alisikiliza, akakohoa. Aliyenijibu ni Mama Nadine, amechuchumaa karibu yangu, kwa sauti ndogo.

"Ile diski mi nilimupelekea Firmin jana, akaipangusa. Nilijua we hautamuomba. Nilitaka tu iimbe vizuri, mi na we tucheze."

Siku hizi nikisikia Firmin anasifiwa, namuuliza anafanyaje, akiniambia nafanya hivyohivyo. Wivu haujaisha, nisiwadanganye, lakini nimeapa hautanichagulia tena la kufanya. Mama Nadine alishona kitenge, akaitafutia santuri mtu wa kuisafisha, akaninyooshea mkono mbele ya watu wote baada ya miaka ishirini na tano, na mimi sikumpa hata hatua moja.