Kunguru Wanamjua Mama wa Vitumbua

Nyumba yetu ni moja ya zile chache za chini zilizobaki katika mtaa wetu hapa Kariakoo. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, sisi tuko katikati na bati letu. Babu aliyehamia kutoka Uarabuni alifungua duka la khanga katika chumba cha mbele, baba akalirithi, na sasa ninayekaa dukani ni mimi. Vyumba vya uani tunapangisha. Katika kimojawapo anaishi mama mmoja wa Kilimanjaro, mjane, ambaye kila asubuhi hutoa jiko na chuma chake akakaa barazani, pembeni ya mlango wa duka, akachoma vitumbua. Watu wa pwani walizoea kumtania kwamba Mchaga kawaibia vitumbua vyao. Yeye aliwajibu kwamba hakuiba, alivikuta vimelala akaviamsha.

Kwa vitumbua hivyo alikuwa amesomesha watoto wawili, na wa tatu alikuwa kidato cha tatu. Mimi aliniwekea viwili kwenye kisahani kila siku, vya mwisho wa upishi, vilivyoungua kidogo pembeni. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia kwamba ndivyo nivipendavyo. Aliona tu.

Mwaka juzi, joto la mwezi wa kumi na moja lilipoanza, kunguru walimgeuka. Uani tuna mwarobaini mkubwa, na kunguru wamejaa humo tangu nizaliwe. Wazee husema ndege hawa waliletwa Zanzibar kutoka India ili wasafishe taka, halafu wakaamua bara kuna taka zaidi. Tulikuwa tumezoeana nao. Sasa ghafla, kila mama yule alipotoka chumbani kwenda bombani, walishuka kwa kelele wakamdonoa kichwani. Mimi nikipita, kimya. Wapangaji wengine wakipita, kimya. Alibadili khanga, wakamjua. Aliazima dera la jirani, wakamjua. Siku moja walimfuata hadi barazani, wakajipanga kwenye waya wa umeme juu ya jiko lake, wakawa wanamzomea mbele ya wateja.

Siku hiyo dukani alikuwepo mteja wangu mmoja, mwanamke wa Magomeni anayenunua doti za jumla. Akaniuliza, "Dada, mbona wale kunguru wanamwandama huyo mama peke yake?"

Nilikuwa nakunja khanga, akili yangu iko kwingine. Nikasema, "Watakuwa wanamjua."

Akacheka. Na mimi nikacheka. Anayeujua mji huu anajua neno hilo likisemwa kwa sauti ile linabeba nini. Sikusema mchawi. Nilisema wanamjua, nikaacha mwanya, na watu wakaujaza wenyewe. Baada ya siku chache nilirudishiwa neno langu na muuza maji, likiwa limeshanenepa: kunguru wale ni wake, anawatuma, na unga wa vitumbua anauchanganya na mambo mengine. Wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara.

Jambo ninaloona aibu zaidi kulisema ni kwamba na mimi niliogopa. Mimi, mwenye shahada ya biashara ukutani. Nilijua uvumi ule umetoka kinywani mwangu, lakini uliporudi ukiwa mkubwa niliuamini. Kisahani kikija nilipokea, nikashukuru, nikapita nacho uani kana kwamba nakwenda kula kwa utulivu, kisha nikavimega vile vitumbua na kuvitupa juu ya ukuta wa nyuma. Kunguru walivimaliza kabla sijageuka.

Baba hakupenda maneno mlangoni pake. Alimwita yule mama akamwambia kwa upole, maana baba hata akikufukuza hukukaribisha kiti kwanza, kwamba ikifika mwisho wa mwezi atafute baraza nyingine, na chumba pia. Yule mama akasema, "Sawa, mzee." Jioni nilimsikia chumbani kwake akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, akirudia ubeti mmoja. Niliumia.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata bombani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitika marahaba, mkono mmoja ukikinga kichwa. Nikamuuliza kama anakumbuka ugomvi wake na kunguru ulianzaje.

"Nakumbuka sana. Kinda lao lilianguka hapa, paka akawa analinyemelea. Nikaliokota. Nikaliweka kiganjani hivi, nikawa nalipulizia. Likafia mkononi, maskini. Tangu siku ile."

Nikakaa dukani na simu yangu, nikasoma. Nilichokikuta kilinifanya nisahau mteja aliyesimama mbele yangu. Kunguru, huyu tunayemwona jalalani, anatambua sura za watu. Watafiti waliwahi kuvaa vinyago wakakamata kunguru, na baadaye yeyote aliyepita na kinyago kile alizomewa, hata kama ni mtu mwingine kabisa. Akivua, anapita salama. Hata makinda yaliyoanguliwa baadaye, ambayo hayakuwahi kukamatwa na mtu, yalikizomea kinyago kile, kwa sababu yalijifunza kwa wakubwa zao. Na ukionekana umeshika kunguru aliyekufa, wanakuweka kwenye kundi la maadui. Hawana njia ya kumpambanua aliyeua na aliyekuja kusaidia. Wanachokiona ni maiti na sura iliyo karibu nayo.

Nikamsomea baba. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Simu inasema mengi." Baba ni mfanyabiashara, kitambaa haamini mpaka akishike.

Ndipo nikatoa nikabu yangu nyeusi na baibui, nikampelekea yule mama.

"Mimi wa kwaya ya kina mama, unataka kunivalisha ninja?"

"Mpaka bombani tu, mama. Baba aone."

"Mchungaji akisikia utakwenda kumweleza wewe." Lakini alivaa. Aliogopa kupoteza ile baraza kuliko alivyomwogopa mchungaji.

Baba aliketi kwenye kiti chake uani, bakora magotini. Mimi nilisimama karibu na ukuta wa nyuma. Yule mama akatoka chumbani, mweusi toka juu hadi chini, ndoo mkononi. Mwarobaini ulikuwa umejaa kunguru. Mmoja aligeuza kichwa, akamtazama, akaendelea kujichokonoa manyoya. Yule mama alikwenda bombani, akajaza ndoo, hakuna kunguru aliyelia.

"Funua," nikamwambia.

Akainua kitambaa usoni. Hata hakumaliza. Walishuka wote kwa pamoja, uwanja mzima ukawa kelele na mabawa, naye akakimbilia chini ya bati. Akafunika tena, akatoka. Wakatulia. Baba akasema arudie. Akarudia mara ya pili, kisha ya tatu, na kila mara ikawa vilevile. Baba akaanza kutikisika mabega, nikajua anacheka.

"Kumbe ni sura tu," alisema. "Mama, kaa pale barazani kwangu. Nilikosea."

Nilifurahi mpaka nikanyoosha mikono juu nikapiga makofi. Kosa langu lilikuwa hilo la kunyoosha mikono palepale ukutani. Kunguru watatu walitua ukutani kando yangu, taratibu, bila kelele. Mmoja akarukaruka hadi miguuni pangu, akainua kichwa akawa anaitazama mikono yangu, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto.

"Na hawa," baba akauliza, "wanataka nini kwako?"

Yule mama alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kitambaa kimeshashuka tena usoni.

"Na wewe wanakujua, mwanangu," akasema. "Unawalisha nini?"

Ningeweza kusema makombo ya wali. Lakini kunguru yule alikuwa bado ananitazama. Nikasema, "Vitumbua vyako, mama."

"Vyote?"

"Vyote. Tangu maneno yaanze." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia na lile neno, nililisema lini, kwa nani, na kwamba nilicheka. Baba alikohoa, akachukua bakora yake akaingia ndani.

Nilikuwa naona macho ya yule mama tu juu ya kitambaa changu mwenyewe, na hayo yalinitosha. Akajitwisha ndoo akaenda mbele.

Kesho yake nilisimama barazani nikaanza kuwaeleza watu, mmoja mmoja, kuanzia muuza maji: kunguru wanamzomea kwa sababu alitaka kuliponya kinda lao. Yule mteja wa Magomeni nilimpigia simu. Wengine walicheka, wengine walirudi siku hiyohiyo, na wapo ambao mpaka leo hupita upande wa pili. Uani yule mama aliendelea kuvaa nikabu yangu hadi msimu wa makinda ulipokwisha, na wageni wakawa wanampa salamu ya Kiislamu, naye anaitikia bila wasiwasi.

Kisahani hakikuja tena. Sikukitegemea. Nikawa napanga foleni kama wateja wengine, naagiza viwili, navila palepale barazani huku watu wananiona. Alinihudumia vizuri, kama anavyomhudumia mpita njia. Ilikuwa hivyo kwa wiki tatu.

Wiki ya nne, zamu yangu ilipofika, nilifungua mdomo niagize. Kwenye trei palikuwa na vitumbua tele, vyeupe, vizuri, tayari. Hakuvigusa. Aligeuza viwili vilivyokuwa chumani, akaviacha juu ya moto, akanifanya nisubiri mpaka vikaungua pembeni.