Ng'ombe Haonyeshwi Kisu

Kisu kile nilikikuta juu ya meza ya polisi mjini Kitale, kimefungwa karatasi ya namba kwenye mpini. Nilikitambua mara moja. Mpini ni wa mbao nyeusi, umezungushiwa waya wa shaba pale ulipopasuka, na makali yameliwa na miaka ya kunolewa hadi kimebaki chembamba. Kilikuwa kimechinja karibu kila ng'ombe wa harusi na matanga niliyemla tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Mwenye kisu alikuwa sakafuni nyuma ya kaunta, miguu mitupu, kanzu imekunjwa magotini, mzee wa miaka sabini na ushei.

"Madam, huyu ni mshukiwa wa ugaidi," afisa aliniambia.

Nikamjibu kwamba huyo mshukiwa wake amekuja kuchinja ng'ombe wa matanga ya baba yangu, kwamba baba anazikwa kesho, na kwamba ng'ombe amefungwa chini ya mparachichi tangu alfajiri. Niliyasema kwa ile sauti ambayo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaijua na kuikimbia. Afisa hakukimbia. Aliniambia niketi.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Huku Bungoma na Kitale, hata Mkristo anayekaa kiti cha mbele kanisani hachinji mwenyewe ng'ombe wa shughuli. Huitwa Mwislamu achinje, ili kila atakayefika ale bila wasiwasi. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ni adabu tu ya majirani, nayo imeshikwa na watu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya siku ya kuabudu. Baba alipokuwa kitandani aliacha neno moja kuhusu mazishi yake: achinje yule wa Bungoma, asichinje mwingine.

Alikuwa na sababu. Tulikuwa na shamba upande wa Cheptais, mteremkoni mwa mlima, na mashamba ya huko yaligawanywa, yakagawanywa upya, huyu akapewa, yule akafukuzwa. Wanasiasa walikuwa wanapanda mlima, wanatuambia nani mwenyeji na nani mgeni, kisha wanateremka kwenda kulala kwao. Vijana waliokosa ardhi wakashika bunduki wakaingia msituni. Hawakutoka ng'ambo. Walibatizwa kama sisi, na wawili kati yao walikuwa wameimba sauti ya nne katika kwaya yetu. Kwanza walimletea baba barua ya kumtaka ahame. Kisha kwa siku tatu walipita kando ya ua wetu, wanampungia panga na kwenda zao. Siku ya nne, mchana kweupe, waliingia wakaondoka na sikio lake la kushoto. Baba alikuwa akisema sikio lilipona, ila zile siku tatu hazikupona.

Halafu wakaja wenye sare kutuokoa, wakamlaza baba kifudifudi na bendeji yake, pamoja na kila mwanamume aliyebaki kijijini, maana wakati huo kuwa mwanamume wa mlimani kulitosha kukufanya mshukiwa. Tukateremka Bungoma na godoro moja na sufuria mbili. Mzee huyu, ambaye baba alikuwa akimuuzia ndama sokoni, alitupa chumba nyuma ya nyumba yake, karibu na msikiti. Tulikaa miaka miwili, kabla ya kuhamia huku Kitale. Mwezi wa Ramadhani mkewe alitupikia uji wa mchana, yeye mwenyewe akiwa amefunga. Jumapili Mzee ndiye aliyekuwa anatugongea mlango ati tumechelewa kanisani.

Mimi ni mwalimu wa historia. Kila mwaka nafika kwenye mada ya ugaidi, sababu zake na aina zake, na kila mwaka hasira inanipanda. Nawaambia wanafunzi kwamba kuna anayeua kwa jina la dini, na kwamba hakuna dini iliyokosa watu wa namna hiyo. Kuna anayeua kwa jina la rangi, la taifa, la kabila, la ardhi. Kuna anayeua akiwa na cheo na ofisi, na huyo mara nyingi hatiwi kwenye orodha. Sababu nazo hazitofautiani sana kutoka nchi hadi nchi: watu wamedharauliwa muda mrefu, kisha anatokea mkubwa fulani ambaye hasira yao inamfaa. Anayekufa si yeye hasa anayelengwa. Wanaolengwa ni wale wanaobaki wakitetemeka. Wanafunzi wanaandika vizuri, kisha nikiwaambia wachore gaidi, wanachora ndevu na kanzu. Nchi nzima imewafundisha hivyo. Samaki mmoja akioza, wote wameoza, tunasema. Methali hiyo nimeichoka, kwa sababu nimeona tunavyochagua samaki wa kuwasema hivyo. Vijana wa mlimani walipokata watu masikio, hakuna aliyesema Wakristo ni magaidi. Hatukuitwa kwenye baraza la chifu tufundishwe jinsi ya kumtambua mwanakwaya.

Lakini baraza la kutambua magaidi lilifanyika kweli hapa kwetu, mwezi mmoja kabla baba hajafa. Tulipewa karatasi ya dalili: mtu mgeni, haongei sana, anashikilia mfuko wake karibu na mwili, anaulizia njia. Mzee alishuka Kitale asubuhi ile akiwa na dalili zote. Alikuwa mgeni. Hakuongea sana kwa kuwa alikuwa na msiba. Alishikilia mfuko kwa sababu ndani mlikuwa na kisu kilichonolewa kwa ajili ya rafiki yake, kimefungwa kwa taulo. Na aliulizia njia ya kwetu, kwa kuwa tangu harusi yangu mji umebadilika. Mtu akapiga simu.

"Nani?" nilimuuliza afisa.

"Mwananchi mwema," alisema. "Sisi tunafuata maagizo tu, madam."

Nilimwambia maagizo yake yamemvua viatu mtu aliyenilea. Nikamwonyesha tangazo la mazishi, nikampigia chifu, nikampigia pasta wetu, nikampa afisa simu aongee nao mmoja baada ya mwingine. Saa nane Mzee aliachiliwa. Hakuombwa radhi. Kisu kilibaki. Kitatoka, nilielezwa, pale tu aliyeripoti atakapokuja mwenyewe kuandika kwamba alikosea. Mzee alivaa viatu vyake polepole, akaniambia, "Mama, twende. Watu wana njaa." Huniita mama tangu nikiwa mtoto, kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao.

Tulipofika nyumbani watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukodi wakinung'unika kuhusu nyama. Katikati yao alikuwepo jirani yangu, mwenyekiti wa kamati yetu ya nyumba kumi, ambayo kazi yake ni kujua nani anaishi wapi na nani amemtembelea. Alikuwa anasimulia. Nilisikia mwisho wa hadithi kabla hajaniona: alivyomkamatisha gaidi mkongwe pale steji ya matatu asubuhi, mwenye kanzu, ati anaulizia boma lenye matanga ili akalipue. Kisha akageuka kumlalamikia mjomba wangu kwamba mchinjaji amechelewa, na Waislamu ndio hivyo, hawashiki saa.

Hapo Mzee akapita mbele yake na kusalimia. Jirani akaitambua kanzu. Huyu bwana alikula nyama ya mkono wa Mzee kwenye harusi yangu, papa hapa, na maini akaomba aongezewe. Ila uso wa aliyemchinjia hakuwahi kuutazama.

Sitasema uongo, nilimfokea. Nilimwita majina ambayo mwalimu hapaswi kuyatamka mbele ya wazazi wa wanafunzi wake. Nilimwambia aondoke kwetu na asikanyage kaburi la baba. Alikuwa anarudia neno lilelile: "Mimi ningejua aje, mwalimu? Si karatasi ilisema hivyo? Si barazani tuliambiwa tureport?" Wajomba walinivuta mkono. Mmoja akapendekeza tutumie kisu cha jikoni, jua linakwenda. Mzee alikipokea, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akakirudisha.

Alisema hawezi. Kisu butu kinamtesa mnyama, na kumtesa mnyama si kuchinja. Kama ni haraka, tumtafute mwingine, yeye hatakasirika. Watu wakaniangalia mimi. Nikakumbuka neno la baba, nikasema tutangoja hata kama tutamzika bila kula.

Mzee akamgeukia jirani. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Baba, wewe ndiye uliyekipeleka. Nenda ukanichukulie."

Jirani aliomba mtu wa kumsindikiza. Hakuna aliyeinuka. Akaenda peke yake kuandika kwa mkono wake, mbele ya polisi, kwamba anamjua yule mzee na kwamba alikosea. Mimi nilibaki nikitumaini aandikishwe mara mbili. Mzee alikaa karibu na ng'ombe, akampa majani, akampapasa shingo. Saa kumi na nusu jirani alirudi. Aliingia langoni amekiinua kisu juu, kitupu, kila mtu aone kwamba amekileta, akawa anakatiza uwanja moja kwa moja mbele ya ng'ombe. Ng'ombe akarudi nyuma, kamba ikakaza.

"Kifunike, baba," Mzee alisema. "Ng'ombe haonyeshwi kisu. Tunamchinja, hatumtishi."

Jirani alisimama. Akavua koti lake, akakifunga kisu ndani, akazunguka kwa nyuma ya watu na kumkabidhi Mzee kwa mikono miwili. Mzee akamwambia asiende mbali, ashike kichwa. Akashika. Ilichukua muda mfupi tu, na mnyama hakujua.

Watu walikula, wa msikitini na wa kanisani, wakasema sifa za baba. Wengine walisema yameisha vizuri. Mimi sikuona kilichoisha. Nilikuwa nafikiria ile meza ya polisi. Tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane kile kisu kililazwa pale, makali yakimwelekea mzee wa watu akiwa sakafuni bila viatu, na katika sisi wote tulioingia na kutoka, hakuna aliyefikiria kukifunika.