Patipati za Mama Siku Jua Lilipopatwa

Harufu ya mahindi yanayoanikwa hunirudisha nyumbani hata leo, ile harufu tamu yenye vumbi inayopanda kutoka kwenye turubai na kukwama puani mpaka jioni. Tulikaa nje kidogo ya Kitale, kando ya barabara ya kwenda Moi's Bridge, na msimu wa mavuno kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku wasile mahindi. Nilikuwa darasa la tatu, mwoga kupindukia. Niliogopa radi, niliogopa bata mzinga wa jirani, niliogopa hata choo chetu kwa sababu ya giza la mle shimoni. Lakini hofu iliyoninyima usingizi sikuwahi kumwambia mtu: niliogopa unyakuo. Baba alifariki kabla sijajua kutembea, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Kanisani tulifundishwa kwamba Bwana akirudi atawachukua walio wake kufumba na kufumbua, na wengine wataachwa. Mama alikuwa ameokoka kweli kweli, mtu wa maombi ya alfajiri na nyimbo za jikoni. Mimi nilikuwa nimeokoka mara kadhaa, kila alipokuja mhubiri mgeni, na bado sikuwa na uhakika. Siku hiyo ikifika, nilijua, mama anaenda na mimi nabaki.

Ndipo wakaja shuleni kwetu watu wa nyota. Kilikuwa chama cha watu wa kawaida tu kutoka Bungoma, walimu, fundi wa redio, na mama mmoja aliyeuza nguo sokoni Myanga, waliopenda kutazama mbingu na kuzunguka mashuleni na darubini yao nyeupe. Kiongozi wao, Mwalimu Wafula, alitukusanya uwanjani akatueleza kwamba Jumapili ile, jioni, mwezi ungepita mbele ya jua na kulifunika karibu lote. "Msiogope, watoto," alisema kwa Kiswahili chake cha Bungoma. "Ni kivuri tu. Kujeni na mama, kujeni na baba, tuangalie pamoja na hii miwani. Bila miwani macho itaungua, mmesikia?" Wenzangu walishangilia. Mimi nilichosikia ni kwamba jua lingezimika. Jumapili yenyewe asubuhi mhubiri wetu akanimaliza kabisa. Alipiga mimbari, akasema jua likitiwa giza kila mtu ajichunguze, maana saa imefika. Wee! Nilimtazama mama. Alikuwa amefumba macho, anaitikia amina, ametulia kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake.

Jioni mama akanituma kwa jirani kurudisha ungo. Nilimshika leso aliyojifunga kiunoni, sikutaka kumwacha. "Nyambura, si ni hapo tu! Utarudi kabla chai ichemke." Nilienda nikikimbia kwa njia ya barabara. Nilipogeuka kurudi, mwanga ulikuwa umeharibika. Haukuwa wa magharibi, haukuwa wa mvua. Ulikuwa hafifu, kama wa taa inayoishiwa mafuta, na baridi ilinipanda miguuni. Kwenye ukuta mweupe wa jirani, pale jua lilipopenya majani ya mparachichi, siku zote palikuwa na madoa ya mwanga ya mviringo. Sasa madoa yote yalikuwa yamekatwa. Ukuta mzima ulijaa vijua vyembamba kama kucha zilizokatwa, vyote vimeelekea upande mmoja, vinatetemeka. Sikujua kwamba kila kijitundu kati ya majani kilikuwa kinalichora jua lenyewe. Nilijua tu kwamba dunia imekwisha na mama yangu yuko peke yake nyumbani.

Nilifika nikihema. Kuku walikuwa wanaingia bandani wenyewe kwa foleni, na mahindi yapo pale hayana mlinzi. Redio ilikuwa inaongea. Chai ilikuwa imefurika na kuzima jiko. Kando ya turubai zilikuwepo patipati za mama, za bluu, zimepangwa sambamba, na hatua moja mbele leso yake imelala chini. "Mami!" Niliingia chumbani, nikaenda jikoni, nikazunguka nyuma, nikafungua hata mlango wa choo nilichokiogopa. Hakuna mtu. Basi nikaelewa. Amechukuliwa, ameacha viatu. Nilikaa juu ya ile leso, nikainusa, nikalia kilio kisicho na sauti. Wala sikuwaza moto wala hukumu. Niliwaza ni nani atanisuka nywele, na usiku nitalala na nani. Kisha nikasikia makelele kutoka uwanja wa shule, nikajua ni wale walioachwa wanaomboleza. Nikaamua niende huko, afadhali tuachwe pamoja.

Walioachwa walikuwa wamevaa miwani ya karatasi, wanaruka na kupiga vigelegele. Katikati yao alikuwa mama. Miguu mitupu, kitambaa kimemteremka shingoni, anapita kwenye foleni ya darubini akimshika kila mtoto kidevu na kumgeuza uso. Aliponiona alinivuta akanibana mpaka mbavu zikauma. "Ulikuwa wapi? Nimepita shambani mpaka kwa jirani, haupo! Nilidhani umechukuliwa, Nyambura. Nilidhani umeniacha." Mungu wangu! Mama yule wa maombi ya alfajiri! Alikuwa amevua patipati kwenye turubai, maana mahindi hayakanyagwi na viatu, akatoka mbio bila kukumbuka kuvaa. Nilipaswa kufarijika, lakini niliogopa upya, kwa sababu kama mama hakuwa na uhakika, nani angekuwa nao? Mwalimu Wafula alitusogelea. "Pole, mama. Hakuna mtu ameenda. Shika hii, angalia na mtoto." Tulitumia miwani moja kwa zamu, mikono imeshikana. Niliona kipande chembamba cha rangi ya chungwa, kikaanza kunenepa polepole, na mahali fulani jogoo aliyechanganyikiwa akawika.

Leo ninafanya kazi Bungoma, nami ni mwanachama wa chama kilekile. Tunapandisha darubini kwa pikipiki hadi Kapsokwony kule mlimani, tunaanza na makanisa, tunawaomba wahubiri waje wawe wa kwanza kutazama. Mimi ndiye ninayegawa miwani, na simpi mtoto mpaka nimwone aliyekuja naye. Simu yangu inaweza kuniambia ni lini hasa mwezi utaligusa jua. Lakini kila ninapoenda Kitale, macho yangu hukimbilia mlangoni kutafuta viatu vya mama, na mwezi uliopita nilikuta patipati zimepangwa sambamba na redio inaongea. Niliita. Niliita tena, na hapo nilikuwa yule mtoto wa darasa la tatu, nikaanza kufungua milango. Nilimkuta ghalani akichambua mahindi. Masikio yake siku hizi ni mazito. Aliutazama uso wangu, akajua. "Sijaenda bado, Nyambura," alisema akicheka. "Na siku nikienda nitavaa viatu, usihangaike." Nilicheka naye. Kisha nikatoka, nikaziokota zile patipati, nikampelekea pale alipokaa, nikapiga magoti nikamvisha.