Mwaka Ambao Okoth Hakuja Mazishini

Nakumbuka siku moja ya ujana wangu kuliko ninavyoikumbuka siku niliyooa. Baba yangu aliniita asubuhi, akanituma Kendu Bay nikamlete shangazi Atieno, dada yake, aliyekuwa akiuza samaki kule ziwani. Mama yao, nyanya yangu, alikuwa amefariki alfajiri hiyo. Lakini kwetu Wajaluo, mwanangu unayesoma haya, mtu haambiwi msiba akiwa peke yake mbali na nyumbani. Huambiwa kwamba mgonjwa amezidiwa kidogo, ajifunge leso waende. Msiba ataukuta bomani, katikati ya watu wa kumshika. Ndivyo nilivyoagizwa kusema, nami nikasema.

Shangazi alikuwa akipanga samaki kwenye karai. Alinitazama, akauliza mbona leo nimemsalimia vizuri namna ile, mimi ambaye siku zote nilianza kwa kuomba chakula. Halafu akauliza nani amekufa. Nikajibu kwamba Nyanya anaumwa kidogo tu. Tulipopanda gari akauliza tena, nikarudia yale yale. Basi akakaa mpaka kwetu Uriri, mikono juu ya magoti. Tulipokaribia boma na vilio vikasikika, alinigeukia akasema bila hasira:

"Ochieng', ningelia njia nzima nikafika nimepungua. Sasa umenifikisha nikiwa nimejaa."

Tangu siku ile nikawa mtu asiyeweza kusema uongo. Sijisifu, maana tabia hii imenigombanisha na watu. Nikiuza ng'ombe, mimi ndiye ninayemwambia mnunuzi kwamba anapiga teke akikamuliwa. Marehemu mke wangu Anyango alikuwa akiwaambia watu wasinipeleke kwenye posa ya kijana yeyote, maana nitawaeleza wakwe kila kitu kabla chai haijapoa. Nami nilisoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo hata maneno ya kuzungukia jambo sikufundishwa.

Sasa nikueleze mwaka uliopita.

Ulikuwa mwaka mbaya wa nchi, nawe unaujua, huenda ulikuwa barabarani na wenzako. Vijana walitoka kudai haki yao katika miji mikubwa, na hata Migori mjini tairi zilichomwa na maduka yakafungwa. Halafu tukaanza kusikia kwamba mtoto wa fulani amechukuliwa na watu ndani ya gari lisilo na namba. Huyu alirudi, yule hakurudi. Kilichofuata ni hofu ya kimya. Watu walianza kuacha simu zao ndani ya nyumba wakitoka nje kuzungumza. Kanisani Jumamosi, siku yetu ya Sabato, mtu aliomba kwa sauti ya chini, kama vile aliyekaa nyuma yake anaandika. Jirani niliyelima naye mpaka mmoja tangu ujana aliniuliza siku moja ni nani hasa huwa ananipigia simu kutoka Nairobi, nami nikajikuta namtazama usoni kutafuta kwa nini anataka kujua.

Okoth, mjukuu wangu, alikuwa chuoni Nairobi. Ni mtoto wa binti yangu Akinyi, lakini alilelewa hapa Uriri na Anyango tangu alipoachishwa ziwa, hata akikosea jina alimwita nyanya yake mama. Baada ya mambo yale ya barabarani simu yake ikazimwa. Akinyi alisema mtoto amepata kazi mbali na huko mtandao ni mbaya. Nilimwuliza mbali wapi. Akasema mbali tu, Baba.

Kisha Anyango akaugua, akafa. Na Okoth hakuja kumzika.

Mwanangu, kwetu mtu hakosi kumtia udongo kaburini mama aliyemlea, labda na yeye awe kaburini. Watu walinong'ona. Na siku ya matanga walikuja wageni wawili ambao hakuna mtu wa ukoo aliyewajua. Walikaa viti vya nyuma, wakakataa chakula. Mmoja akanisogelea, akanipa pole, akaniuliza mjukuu wangu yuko wapi siku kubwa kama hii. Nikamjibu ukweli, kwamba sijui. Alinitazama kitambo, akaona sidanganyi, wakaondoka. Naichukia pole yake mpaka leo.

Mwezi wa Desemba wanangu wakaja. Ouma, mwanangu mkubwa, alikuja na gari, Akinyi akaja na nguo mpya za kunivisha. Wakasema nimechoka na msiba, wanataka tuvuke mpaka twende Mwanza, Tanzania, tukapumzike kama familia. Nilicheka. Watu wa boma letu hatujawahi kwenda likizo hata Homa Bay, seuze nchi ya watu.

Lakini kicheko hakikudumu. Nilianza kuona dalili ninazozijua. Nikiingia jikoni, mazungumzo yanakatika. Akinyi ananipakulia kipande kikubwa cha nyama, kisha anatazama kando. Ouma, ambaye tangu utotoni hubishana nami juu ya kila kitu, akawa anakubali kila ninalosema. Nikajiambia: hivi ndivyo anavyotendewa mtu mwenye msiba ambao hajaambiwa. Okoth amekufa. Wanataka kunipeleka mbali, waniambie huko ambako siwezi kukimbilia kaburi la Anyango nikalia naye.

Kaka yangu Owuor, mkubwa wa ukoo wetu, alikataa safari. Kwetu mjane, awe mke au mume, halali nje ya boma lake kabla marehemu hajamjia ndotoni. Akaniuliza mbele ya watoto kama Anyango ameshakuja. Nikasema bado. Owuor akasema basi, jambo limekwisha, na kama watoto wanalijua hilo na bado wanamsukuma baba yao, yeye anaona wana neno wanalolificha.

Na mimi niliona hivyo hivyo, mwanangu. Ndiyo sababu nilikwenda. Niliona heri nivunje mwiko nikajue, kuliko nikae nyumbani nikiwashuku wanangu mwenyewe kila wanaponiletea sahani.

Mpakani, upande wa Sirari, ofisa kijana wa Tanzania alichukua karatasi zetu, akaniamkia kwa adabu, akaniuliza tunakwenda kufanya nini.

"Nimeambiwa ni likizo," nikasema.

"Umeambiwa? Wewe mwenyewe mzee unasemaje?"

"Mimi siamini."

Akinyi alishika ukingo wa meza. Ouma akaanza kucheka, kicheko kikavu, akamwambia ofisa kwamba mzee amefiwa na mke na anafikiri wanawe wanamtoa nyumbani wamnyang'anye kiti chake. Ofisa naye akacheka, akagonga muhuri, akanitakia mapumziko mema. Nikaona jasho kwenye shingo ya mwanangu, nikajua kwamba jambo lenyewe ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Hatukuwa tumefika mbali nilipomwambia Ouma asimamishe gari. Alisimama kando ya shamba la mihogo. Nikauliza, "Okoth amekufa?"

Hakuna aliyejibu mara moja, na katika kimya kile nilimzika mtoto yule.

"Hajafa, Baba," akasema Akinyi. "Yuko Mwanza. Ndiko tunakokwenda. Waliwachukua rafiki zake, na yeye walikuwa wakimtafuta."

"Mbona hamkuniambia?"

"Wale watu wa matangani walikuuliza, sivyo? Ungekuwa unajua ungewajibu nini?"

Ouma aliushika usukani, akasema bila kunitazama kwamba walihitaji mtu mmoja ambaye akisema hajui, kila mtu ataamini. Na kwamba hakukuwa na mwingine ila mimi. Kwa hiyo ukweli wangu ule ninaoulea tangu ujana, wanangu waliufanya ukuta, wakamficha mtoto nyuma yake, na mwenye ukuta hakuulizwa. Nikawaambia wamenitumia. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuwasemesha nayo.

Hapo ndipo Akinyi akalia, akasema lile lililonivunja: "Si sisi, Baba. Ni Mama. Alijua tangu mwanzo. Alisema wewe usiambiwe, mpaka mambo yatulie."

Fikiri, mwanangu. Nililala kando ya mwanamke yule katika ugonjwa wake wote. Nilimgeuza, nikamwosha. Kila mara alipoita jina la Okoth nilimwambia atakuja, naye akanishika mkono na kunyamaza. Nilidhani ananyamaza kwa maumivu. Kumbe alikuwa ananitunzia usingizi wangu. Sijui hata leo kama namshukuru au namlalamikia. Nimemwuliza kaburini. Ndiyo maana hata kumngoja ndotoni nangoja nikiwa na mengi ya kumwuliza.

Okoth tulimkuta karibu na ziwa, amekonda, amenyoa nywele zote. Akatusogelea akasema, "Shikamoo, babu," kwa Kiswahili cha huko. Kwetu hatuamkiani hivyo, nikasahau hata kuitikia. Akaona nimepotea, akaja karibu, akaniita kwa Kijaluo, "Kwara," yaani babu yangu. Nikamshika. Alinuka sabuni ya kufulia na kazi.

Hakuuliza habari za nchi. Aliuliza nyanya yake alizikwa amevaa nguo gani, na kama alimsubiri. Nikamwambia alimwita. Akinyi alinitazama kama anayetamani nisiseme, lakini mtoto alikuwa na haki ya jambo lile. Alikaa juu ya jiwe moja kati ya yale mawe makubwa ya Mwanza, akalia, na nikamwacha alie mpaka alipopungua.

Basi tukawa na likizo yetu. Tulikula samaki wa ziwa lile lile la kwetu, ila wao wanamwita sato na kumkaanga kwa namna nyingine. Akinyi alitaka picha. Okoth hakutaka sura yake ibaki kwenye simu ya mtu yeyote, kwa hiyo akawa yeye ndiye mpigaji. Ukiziangalia picha zile utaona familia ya watu watatu waliovaa vizuri, wote wanamtazama mtu ambaye haonekani, na wote macho mekundu. Jioni tulisikia kwenye redio viongozi wakitoa salamu za mwisho wa mwaka, wakiwashukuru wananchi kwa utulivu wao. Okoth alinyanyuka, akaizima, akarudi kuosha vyombo.

Sasa shida ilikuwa yangu. Kabla ya safari nilikuwa sijui, na kutojua kwangu kulimlinda. Sasa nilikuwa najua.

Haikukawia. Nilikuwa nikinywa chai sokoni Uriri, mmoja wa wale wageni wa matangani akavuta kiti. Akauliza likizo ilikuwaje. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote sokoni kwamba nilisafiri. Akaendelea kwamba bila shaka mjukuu alifurahi kuniona.

Kusema sijui aliko kungekuwa uongo wangu wa kwanza tangu ujana, na kusema ukweli kungekuwa kumtoa mtoto. Nikaweka kikombe chini.

"Wewe ni mtoto wa nani?" nikamwuliza.

"Mimi ni rafiki tu, mzee."

"Rafiki ana jina, na baba yake ana jina, na kwao kunajulikana. Nitajie hayo, uniambie na aliyekutuma. Usipoyasema, habari za wanangu hutazisikia kwangu, leo wala kesho."

Niliyasema kwa sauti ya kawaida, lakini watu wa meza ya pili walinyamaza, na mama muuza chai akaja kusimama karibu na birika lake, akamtazama. Mwingine naye akageuza kiti. Mtu yule alitabasamu, akaacha chai yake ikiwa imejaa, akaondoka. Sijui kama ameondoka kabisa. Bado nikisikia gari likipunguza mwendo barabarani huwa natoka nje kutazama.

Jioni ile Owuor alikuja. Akauliza kama Anyango amekuja ndotoni. Bado, nikasema. Akauliza kama huko tulimwona Okoth. Huyu ni kaka yangu, tumenyonya titi moja. Nikamwambia, "Kuna jambo ninalijua, na siwezi kukuambia sasa. Nataka ujue kwamba nakuficha. Lakini si msiba."

Alikasirika kwanza, nikaona. Akachokoa ardhi kwa fimbo yake. Halafu akavuta pumzi, akasema, "Kama si msiba, nitalala." Akaomba uji.

Naandika haya kwa ruhusa ya Okoth mwenyewe, na pale nilipopataja hayupo tena. Alipo leo usipatafute humu.

Sasa shika hili, mwanangu. Sikukatazi kushuku. Nchi hii ya leo mtu asiyeshuku hafiki mbali, na mgeni anayekupa pole bila kukutajia jina lake mwulize jina. Lakini tuhuma ya watu wa nyumbani usiilee kimya kimya mpaka ikuzikie watoto walio hai. Iseme, usimamishe gari, uulize. Na wewe mwenye siri, usimvike mzazi wako uongo kwa kuwa unampenda. Mwambie wazi: kuna jambo, siwezi kukuambia leo, lakini lipo. Atakasirika, kisha atalala. Atakuwa amejua anakungoja, badala ya kukuogopa.

Mungu akulinde uendako na uliko. Simu yako inapozimwa, awepo mtu mmoja tu wa kwenu anayejua u mzima. Na siku mama yako akifa, barabara ya kurudi nyumbani iwe wazi, ufike mchana kweupe, uchote udongo kwa mkono wako mwenyewe.