Fungu la Serikali

Filister, mzaliwa wa Gwassi aliyeolewa Muhuru Bay, anavumilia mengi, lakini si mtu anayekula fungu la mwenzake. Ufuoni omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, wakishauzwa, kwanza hutolewa pesa ya mafuta, mwenye boti akachukua lake, kisha wavuvi wakagawana linalobaki. Marehemu mumewe, Nicanor, ndiye aliyekuwa akigawa katika boti ya mzee Odhiambo. Siku moja hesabu ikapungua shilingi elfu tatu, na Odhiambo akamwita mwizi mbele ya watu, palepale kwenye mizani. Nicanor hakupanda boti tena. Alikufa miaka minne baadaye, akazikwa na jina hilo.

Kwa hiyo Filister alipofungua duka la mtandaoni mwaka 2023, la omena wa kukaangwa na pilipili waliotiwa kwenye makopo, alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Fomu ya kuanzisha duka ilikuwa na kisanduku kilichouliza kodi ya mauzo ni asilimia ngapi. Mwingine angekiruka. Yeye alichungulia duka moja kubwa la Nairobi, akaona VAT asilimia kumi na sita, naye akaandika kumi na sita bila kumuuliza mtu. Kopo la shilingi 450 likawa 522. Zile sabini na mbili akaziita fungu la serikali, kana kwamba serikali nayo ilitoa wavu wake usiku wa kuvua. Alinunua laini ya pili ya simu ya kuwekea pesa za fungu hilo tu. Mwanawe Ken alipokosa karo ya chuo, Filister aliuza mbuzi wawili, na laini ile hakuigusa. Majirani walimcheka, na kusema kweli walikuwa na haki ya kucheka.

Baada ya miezi kumi na minne laini ilikuwa na shilingi 80,640. Akaenda Migori kwa Lynnet, binti mwenye cyber, kibanda cha intaneti, anayewajazia watu fomu za kodi, ili fungu lifike kwa mwenyewe.

"Mathe, kwa VAT wewe hujajiandikisha," Lynnet alisema, macho kwenye kompyuta.

"Si nimekuja kulipa? Pesa yote iko hapa."

"Shida ndiyo hiyo. Kujiandikisha ni lazima mauzo yakifika milioni tano kwa mwaka, na yako hata moja hayajafika. Kama hujajiandikisha, huna ruhusa ya kukata mtu VAT."

"Sasa hii ni ya nani?"

"Ni ya customers wako. Warudishie, alafu hiyo kumi na sita uitoe kwa duka leo leo."

Filister alishikwa na aibu, ile aibu inayopanda hadi masikioni. Mwaka mzima na zaidi alikuwa amewakata watu pesa isiyo yake huku akijiona mtakatifu.

Wateja walikuwa 163. Aliwapigia mmoja mmoja, akaeleza, akatuma. Wengi walimwambia abaki nazo, akakataa. Watatu walimdhania tapeli wakamkatia simu. Hao pia aliwatumia. Jina moja aliliacha mpaka mwisho. Odhiambo alikuwa ameagiza makopo sita, yapelekwe kwa bintiye Risper huko Homa Bay. Tangu siku ile ya mizani Filister na mzee huyo hawakuwa wamesemezana, na duka la mtandaoni lilikuwa limewapa njia ya kuuziana bila salamu.

Angeweza kutuma tu. Lakini akitumiwa bila maelezo, mzee angesema nini kwa watu? Kwamba nyumba ile ni ya wezi, mume na mke. Kwa hiyo alitoa pesa taslimu, akaenda ufuoni asubuhi, omena wakiwa wanapimwa.

"Jaduong', kuna pesa nilikukata kwa makosa," alisema, akimwita kwa neno la heshima kwa mzee. "Mia nne thelathini na mbili. Nimekurudishia."

Odhiambo alizitazama zile pesa bila kuzipokea. Alipojibu, alijibu kwa sauti ya chini.

"Nicanor pia alikuja hivi, baada ya ile siku ya mizani. Mama mmoja alikuwa amebeba karai mbili za omena kwa mkopo, akalipa wiki hiyo hiyo. Mumeo akaniletea elfu tatu yangu kwa nyumba. Nikachukua."

"Na ulimwambia nani?"

Mzee akatikisa kichwa. "Sikuambia mtu, nyar Gwassi. Niliona aibu."

Hasira zilimjaa Filister, lakini aliusogeza mkono wenye pesa karibu zaidi na mzee.

"Mimi pia niliona aibu," alisema. "Na nimewaambia watu mia moja sitini na mbili kabla yako. Wa kuwaambia wewe ni hawa hapa, hata hawafiki thelathini."

Akasimama palepale, mkono bado umenyooka, mpaka Odhiambo alipovua kofia na kuwageukia watu waliokuwa kwenye mizani.